Uzoefu wangu na "Scarborough Fair": zamu ya mwanamke iliyoachwa

Kwa miaka mingi niliujua wimbo huu wa kale kwa sauti za Simon na Garfunkel tu, waimbaji wawili wa Marekani, katika rekodi yao ya mwaka 1966, nikiudhania kuwa wimbo mtamu wa kumkumbuka mpenzi wa zamani. Mwaka huu nilinunua santuri ya kwanza ya Martin Carthy, mwimbaji wa nyimbo za jadi wa Uingereza, iliyotoka mwaka 1965. Ilinifikia ikiwa na mkwaruzo mrefu ambao muuzaji hakuutaja, na sindano huruka palepale gitaa linapoanza. Nilikereka, lakini sikuirudisha, kwa maana sauti kavu ya Carthy, isiyombembeleza msikilizaji, ilinifanya niyatafute maneno ya kale na kuyasoma moja baada ya jingine.

Scarborough ni mji wa pwani huko Yorkshire, Uingereza, uliokuwa na gulio (ndiyo "fair" ya jina la wimbo) la siku 45 kila mwaka kwa idhini ya mfalme ya mwaka 1253. Wimbo wenyewe una undugu na masimulizi ya Kiskoti yaliyochapishwa mnamo 1670, ambayo msomi Mmarekani Francis James Child aliyapa namba 2 katika mkusanyiko wake wa nyimbo za masimulizi za kale. Ni majibizano. Mwanamume anadai ashonewe shati la bafta lisilo na mshono wala alama ya sindano, lifuliwe katika kisima kikavu. Mwanamke hanyamazi: naye anamtaka ampatie ekari moja kati ya maji ya bahari na mchanga wa ufuo, ailime kwa pembe ya mwanakondoo, aipande punje moja ya pilipili manga na kuvuna kwa mundu wa ngozi, ndipo aje kuchukua shati lake.

Simon aliupata mpangilio wa muziki wa wimbo huu kwa Carthy mjini London, ingawa rekodi ya 1966 haikumtaja. Mwaka 2000 Simon na Carthy waliuimba pamoja jukwaani. Naipenda bado rekodi ile kwa jinsi sauti zilivyosukwa. Hata hivyo, humo kazi zote, hata ile ekari, anatwishwa mwanamke, na mahali ambapo angejibu pamejazwa sauti ya pili inayoimba habari za askari na vita. Anayetaka kuununua wimbo huu namshauri aanze na Carthy, akiwa na maneno ya kale mkononi.