Vipande vitano na trei moja: uzoefu wangu wa miezi sita

Naendesha kinyozi hapa Kondele, Kisumu. Benchi ya kungojea zamu inakaa watu wanne, na Jumamosi hujaa kuanzia saa tatu asubuhi. Desemba nilipokwenda kumsalimia dada yangu Nakuru, nilikuta mezani kwake trei ndogo ya mbao na vipande vitano vya mraba, vyote sawa, bila rangi wala nembo. Kazi ni moja tu: vyote vitano vilale ndani ya trei, bila kimoja kupanda juu ya kingine. Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa. Kesho yake nikampigia simu fundi aliyeibuni, kijana wa huko huko Nakuru ambaye ndiyo kwanza anaanza kubuni mafumbo ya kupanga vipande, nikaagiza yangu. Shilingi 900, na 200 za kutumiwa kwa matatu.

Kila kipande kina sentimita 4 kila upande. Trei kwa ndani ni 10.9 kwa 10.9. Ukivipanga kwa mstari, viwili vinakula 8, na hiyo 2.9 inayobaki haikitoshi cha tatu. Karibu kila mteja huanza vile vile: huvibana vinne kwenye kona moja, halafu hukigandamiza cha tano kwa dole gumba kwenye ule ukanda uliobaki. Nafasi anaiona kwa macho yake, ila imegawanyika. Mzee mmoja nilishamaliza kumnyoa, akarudi kukaa benchi. "Kijana wangu, endelea na wengine, mimi bado niko na hii."

Anayetaka kulitatua mwenyewe aruke aya hii. Wa kwanza kulipata pale kwangu alikuwa mwendesha boda. Alivitoa vyote, akavitazama, kisha akakiweka kimoja katikati na kukizungusha kikakaa kwa pembe, nyuzi 45. Vile vinne akapeleka kila kimoja kwenye kona yake. Vikaingia, na kona za ndani zikagusa mbavu za kile cha katikati. Hakusema kitu. Akavitoa na kuvirudisha mara mbili, polepole, kama mtu anayehesabu chenji. Baadaye nilisoma kwamba mwanahisabati Frits Göbel alithibitisha mwaka 1979 kuwa huwezi kuingiza miraba mitano kwenye mraba ulio mdogo kuliko huo: upande wake lazima ufike mara 2.707 ya upande wa kipande. Kwa vipande vya sentimita 4, hiyo ni 10.83. Yaani fundi ametuachia nafasi isiyofika hata milimita moja, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Hakuongeza pambo lolote. Akili yote ameiweka kwenye kipimo.

Lakini kipimo hicho hicho ndicho kilichonipa shida. Mwezi wa nne, mvua zilipokolea, fumbo likagoma. Nalijua jibu, mkono wangu umelizoea, na bado kipande cha mwisho hakishuki. Nilikasirika, kwa sababu wateja wawili walikuwa wamehangaika nalo karibu saa nzima kwa kitu ambacho siku hiyo hakikuwezekana kabisa. Nikampigia fundi.

"Kaka, unaiweka wapi?"

"Dirishani, karibu na sinki."

"Basi imevimba. Hiyo ni saiprasi. Nirudishie niipime."

Akapima. Vipande vilikuwa vimebaki 4.00 kufuata mishipa ya mbao, lakini kukata mishipa vilifika 4.05. Mbao hunenepa kwa upana. Kwa urefu hubadilika kidogo mno, ndiyo maana mbavu za trei, zilizokatwa kwa urefu, zilibaki vile vile. Pengo la katikati likawa limepungua hadi 4.03. Cha katikati kinahitaji 4.05 upande mmoja. Tofauti ya unywele, lakini inatosha kuua fumbo zima. Alichonga vipande vipya vya mvule, ambao hauvimbi ovyo, akanitumia bila malipo. Nililipa nauli ya mzigo tu. Mpaka leo vinaingia vizuri, na nimevihamisha kutoka dirishani. Ukiagiza na unaishi karibu na ziwa, mwambie mapema akupe vipande vya mvule.

Kosa la pili nalihesabu kubwa kuliko hilo la mbao. Mchoro wa jibu ulikuwa umebandikwa chini ya trei. Mtoto wa kwanza aliyeigeuza alimaliza kazi kabla hajaanza, na raha ya fumbo la namna hii ukishaipoteza hairudi. Niliubandua kwa wembe siku hiyo hiyo na kumweleza fundi. Sasa anautia kwenye bahasha iliyofungwa, jambo lililonipendeza.

Ameshatengeneza ya vipande kumi, shilingi 1,400. Nilimuuliza kuhusu kumi na moja, akaniambia bado hathubutu. Mpangilio bora unaojulikana ni wa Mjerumani mmoja, Walter Trump, wa mwaka 1979 vilevile, na humo vipande vya katikati vinalala kwa nyuzi 40 na kidogo, si 45. Hakuna aliyethibitisha kwamba hakuna mpangilio bora zaidi. Fundi anasema msumeno wake haujafikia usahihi huo, na hataki kumuuzia mtu trei inayoingiza vipande kwa sababu tu imelegea. Mimi maneno hayo yalinifanya nimwamini kuliko sifa zote.

Yule mwendesha boda ameniomba nimwagizie ya vitano, ya binti yake. Imetumwa pamoja na yangu ya vipande kumi, na matatu inaingia steji saa kumi na moja jioni.