Tangazo linasema siku tatu: uzoefu wangu na wakala wa vibali vya droni hapa Mtwara

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Kazi ya faili peke yake inastahili nne, tena bila kusita. Tangazo lao linastahili moja, na hiyo moja ni kwa sababu namba ya simu waliyoweka ilipokelewa. Jina la kampuni siliandiki, maana mawakala wa namna hii wameshakuwa wengi na matangazo yao yanafanana mpaka nukta. Ukisoma hapa utawajua wengi kwa mpigo.

Mimi narusha droni kwa kazi. Nikipata wateja wa korosho napiga ramani za mashamba, wasipokuwepo napiga majengo, viwanja vinavyouzwa, na harusi za Shangani ambazo bwana harusi anataka aonekane kutoka juu akishuka kwenye gari. Chombo changu kimesajiliwa TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2018 nimezisoma. Anayerusha kibiashara haamki tu asubuhi akapaisha. Kuna kibali cha mamlaka, Wizara ya Ulinzi nayo ina sauti yake, na huku kwetu, mpaka wa Msumbiji ukiwa pua na mdomo, hakuna mtu anayelichukulia hilo kwa wepesi.

Sasa nieleze nilivyofika kwao. Mzee mmoja wa Tandahimba alitaka ramani ya mikorosho yake kabla hajaanza kupulizia salfa. Wanaolima wanajua: ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, hausubiri, majani machanga na maua yakitoka lazima dawa iwe tayari. Na vumbi la salfa likishaanza kuruka, hutaki lenzi yako iwe humo hewani. Nikamwambia, mzee, kibali kinaweza kuchukua wiki kadhaa, tuanze mapema. Akakubali. Jioni yake akanitumia picha ya tangazo na maneno haya: "Mwanangu, mbona hawa wanasema siku tatu? Au unanizungusha?"

Hapo ndipo tangazo la aina hii linapouma, na sijaona watu wakilisema. Anayeumia si mnunuzi peke yake. Anaumia pia yule aliyesema muda wa kweli, kwa sababu mbele ya mteja anaonekana mzembe, au anaonekana anatafuta cha juu. Mzee wangu hakuwa na namna ya kujua nani kati yetu anasema kweli. Nikaona isiwe shida, niwapigie hao hao, niwalipe, tuone.

Tangazo lenyewe lilikuwa hivi. Juu kuna nembo ya Taifa, kana kwamba ni barua ya Serikali. Chini yake: kibali cha anga siku tatu, uhakika, Kusini nzima, tumeidhinishwa na mamlaka. Halafu kuna kipande cha video. Kidole kinagusa simu, ramani inafunguka ikiwa na vijisanduku vyenye namba, 0, 100, 200, 400, kimoja kinaguswa, maandishi ya kijani yanatokea, droni inapaa. Nilisimamisha video nikaikuza. Majina ya barabara kwenye ile ramani ni ya Marekani.

Kile kinachoonekana pale ni LAANC, mfumo wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani. Ulianza kwa majaribio mwaka 2017 na kusambazwa 2018. Wenzetu wale waligawa anga iliyo karibu na viwanja vya ndege katika vijisanduku, kila kimoja kikaandikiwa kimo kwa futi ambacho droni inaweza kufika bila mtu kukaa kulichambua ombi. Ukiomba ndani ya kimo hicho, kompyuta inajibu pale pale, mwisho futi 400, kama mita 120 hivi. Ukiangukia kwenye sanduku la sifuri, hadithi ya sekunde imekwisha: ombi linapelekwa FAA likasomwe na watu, na hapo unasubiri. Idhini yenyewe FAA haiitozi pesa. Na hata ukiipata, haikupi ruhusa ya kurusha kwenye hifadhi za taifa za kule, ambako droni zilipigwa marufuku tangu 2014. Kwa hiyo hata Marekani kwenyewe, mtu akikuuzia ile video kama "idhini ya kila mahali kwa sekunde", amekudanganya. Kuichukua na kuibandika Mtwara, ambako maombi yanasomwa na watu na kujadiliwa na zaidi ya ofisi moja, ni kuuza nguo ambayo dukani kwako haipo.

Niliwauliza. Dada aliyepokea, mpole sana, akasema hiyo video ni ya kuonyesha tu. Ya kuonyesha nini, sikupata jibu.

Nikalipa. Ankara ilikuja na mstari mmoja: ada ya kibali cha anga. Nikaomba mchanganuo. Nani asiyejua siku hizi malipo ya Serikali yanakwenda kwa kumbukumbu namba, unalipa mwenyewe kwa simu na risiti inakuja kwa jina lako? Walisita kidogo, kisha wakatuma karatasi yenye sehemu mbili, ya Serikali na ya kwao. Ya kwao haikuwa ndogo, na sina ugomvi nayo hata kidogo. Kujaza fomu, kufuatilia, kupiga simu Dar es Salaam, hiyo ni kazi na kazi inalipwa. Ninachokataa ni kuiita ada ya kibali, mteja akaondoka akiamini pesa yote imeingia mamlaka. Ukiwa unafanya nao kazi, omba kumbukumbu namba ulipe mwenyewe upande wa Serikali. Wakala mkweli hatachukia.

Siku tatu zikapita. Nikaandika WhatsApp kuuliza. Jibu: "Kaka, siku tatu ni za sisi kuandaa na kuwasilisha. Likishaingia kwao liko mikononi mwao." Sawa kabisa, na ndivyo ilivyo, hakuna wakala anayeweza kuuharakisha mkono wa anayesaini, na akisema anaweza mkimbie. Lakini kama ndivyo, kwa nini tangazo lisiseme: tunaandaa na kuwasilisha ombi lako kwa siku tatu? Ni sentensi nzuri, ya kweli, na mimi ningeinunua. Mzee wa Tandahimba naye asingeniona mzungushaji.

Haki ya mtu isipotee, niseme na upande wa pili, maana hapa ndipo nyota zao zinapotoka. Viwianishi vya shamba, yaani namba za mahali lilipo kwenye ramani, mzee alikuwa ameandikiwa zamani kwenye karatasi na aliyempimia mipaka, nyuzi na dakika. Aliyevinakili baadaye akaviandika kama desimali, 10.45 na 39.38. Kijana wao wa faili alivitazama akapiga simu: "Kaka, hapa sidhani kama ni Tandahimba." Kweli, nyuzi moja ina dakika 60, kwa hiyo dakika 45 si nukta arobaini na tano, ni nukta sabini na tano. Ukiziacha vile, shamba linahama zaidi ya kilomita 40, unajikuta upande wa kwenda Mtama, na kibali kikitoka kinakuruhusu kurusha juu ya mikorosho ya watu wengine. Alirekebisha, akachora mpaka wa shamba, akanitumia nihakiki na mwenye shamba kabla ya kuwasilisha. Akaniuliza kimo, saa za kurusha, nitapaishia wapi, simu ya dharura ni ya nani. Mpango wa kazi alioandika ulikuwa safi kuliko wangu wote wa nyuma. Huyu kijana ndiye anayepaswa kuwekwa kwenye tangazo, si ile video.

Hilo la "Kusini nzima" nalo nililijaribu, kwa sababu kulikuwa na kazi nyingine ya nyumba ya wageni Msimbati. Nikawauliza kama kibali changu kitafika huko. Mara ya kwanza nikaambiwa hamna shida, mkuu. Nikauliza tena kwa maandishi, hapo ndipo yakatoka mengine. Kibali kinataja eneo na tarehe, hakitembei na wewe kama leseni ya udereva. Na Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ambayo ina wasimamizi wake na taratibu zake. Njiani unapita Madimba, penye mtambo wa kuchakata gesi, na sihitaji kumfundisha mtu wa Mtwara kwamba hapo hupaishi kamera kwa kujisikia. Panda kaskazini mpaka Kilwa, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, huko nako kuna mlango wa kubisha. Ramani ya tangazo lao imepakwa rangi moja kuanzia Kilwa mpaka Ruvuma. Anayeanza kazi hii akiiamini, siku atakayosimamishwa na askari ufukweni hatakuwa na wakala pembeni yake. Atakayeandikwa jina ni mrushaji.

Na "tumeidhinishwa na mamlaka"? Niliomba kuona. Nilichoonyeshwa ni karatasi zao wenyewe za kurusha droni, halali kabisa, wamesajili vyombo vyao kama mimi nilivyosajili changu. Hakuna iliyosema wao ni mkono wa mamlaka katika kutoa vibali. Mtu mwenye leseni ya udereva hajawa ofisi ya kutoa leseni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kupotosha wateja, na sidhani kama kuna haja ya wakili kuona kwamba nembo ya Taifa juu ya tangazo la kampuni binafsi inampeleka mteja kusiko.

Kibali kilitoka. Hakikutoka kwa siku tatu, kilitoka ndani ya ule muda niliomwambia mzee mwanzoni, na kilitoka kikiwa sahihi: eneo sahihi, tarehe zinazotosha, kimo nilichoomba. Nilikwenda Tandahimba asubuhi upepo ukiwa bado haujaamka, nikamaliza shamba lote kabla jua halijakaa utosini. Ramani ikaonyesha mapengo ya miti iliyokufa upande wa bondeni ambayo mzee alikuwa akiyakisia kwa miguu. Wala hakuna mtu aliyenisumbua. Mtendaji wa kijiji alikuja, akaomba karatasi, akasoma, akapiga picha kwa simu yake, akaomba aone kijiji chake kutoka juu. Nikamwonyesha.

Ukiniuliza kama uwatumie, nitasema inategemea unanunua nini. Kama unataka mtu wa kuandaa ombi lisirudishwe, wanajua kazi, na kwa mrushaji mwenye kazi nyingi pesa yao inarudi. Kama umevutwa na siku tatu, nenda kaombe mwenyewe, utasubiri ule ule muda na utabaki na pesa yako. Kwa mteja unayesoma hapa, mwenye shamba au mwenye hoteli: mrushaji akikuambia kibali kinachukua muda, usimpime kwa tangazo. Mwombe akuonyeshe kibali chake cha kazi iliyopita, pamoja na tarehe ya kuomba na ya kutolewa, basi hapo utajua nani anakwambia kweli.

Haya yote niliwaandikia wao kwanza, kabla ya kuyaweka hapa. Video wameiondoa. Nembo ya Taifa nayo nimeona wameishusha. Siku tatu bado zipo, na "Kusini nzima" bado ipo. Kuna kazi ya Newala inakuja na nimeshaongea nao: faili wataandaa wao kwa bei tuliyokubaliana kwa maandishi, ada ya Serikali nalipa mwenyewe, na nimeomba iwe mikononi mwa kijana yule yule.