Uzoefu wangu na mashine ya grini ya kutembea nayo: tazameni kisu kabla ya injini

Mashine ninayoizungumzia ni ya kukata nyasi za grini, yaani lile eneo la nyasi fupi sana kuzunguka shimo la gofu. Ni ya petroli, upana wake inchi 21, yaani kama sentimita 53, ina silinda ya kukatia yenye visu 11 vinavyozunguka, na kichwa cha kukatia kinachoelea, yaani kinachofuata ardhi chenyewe. Tunazo tatu. Zimemaliza misimu miwili kwenye mashimo 18, kila asubuhi isipokuwa siku za mvua kubwa. Kabla ya hapo grini zetu zilikatwa kwa mashine ya kukalia, na alama za magurudumu pembezoni zilikuwa hazifutiki. Nimeridhika na mashine hizi na nitanunua nyingine. Ila miezi mitatu ya mwanzo ilinikosesha usingizi, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Kwanza upana, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Chukua grini ya mita za mraba 500. Mashine ya sentimita 53, ukiacha mapishano ya sentimita 3, inabakiwa na nusu mita ya kukata. Maana yake kijana anayeiendesha anatembea kilomita moja ndani ya grini hiyo moja, na mashimo 18 ni kilomita 18 kabla ya kuhesabu mzunguko wa ukingoni. Mashine ya inchi 26 inapunguza safari hiyo kwa karibu moja ya tano. Nilishawishika kuichukua. Lakini grini zetu zina mabonde na vilima, na kadiri silinda inavyokuwa pana ndivyo inavyokosa kufuata ardhi: kilele kinabaki na upara, bondeni nyasi zinaachwa ndefu. Kama grini zako ni tambarare, chukua pana bila wasiwasi. Kwetu 21 ndiyo iliyotufaa, na kichwa kinachoelea kimesaidia sana. Kichwa kilichofungwa moja kwa moja kwenye fremu kinapanda na kushuka pamoja na mkono wa mwendeshaji. Akibonyeza mpini kidogo tu, mkato umebadilika.

Kuhusu idadi ya visu: mashine ikisogea mbele, kila kisu kinachopita kinakata hatua yake, yaani umbali ambao mashine imesogea tangu kisu kilichotangulia. Hatua hiyo inatakiwa ikaribiane na kimo cha mkato. Ukikata kwa milimita 3 huku hatua ni milimita 6, utaona mawimbi madogo kwenye grini, na mpira utayahisi. Ndiyo maana kwa vimo vya chini watu huchagua visu 11 au 14 badala ya 8. Kwenye mashine yetu mzunguko wa silinda umefungwa na mwendo wa rola ya nyuma kwa gia, kwa hiyo kijana akienda haraka au polepole hatua haibadiliki. Hilo nalipenda mno, kwa sababu hakuna watu wawili wanaotembea sawa.

Sasa yaliyotukuta. Wiki ya tatu grini zikaanza kufifia. Ukizitazama kwa mbali zilikuwa na rangi ya kijivu, hasa mchana. Tukaongeza maji. Tukashuku mbolea. Tukashuku ugonjwa, dawa ikapigwa. Asubuhi moja nilipiga magoti kwenye shimo la saba, umande bado haujakauka, nikachukua kioo cha kukuza nikatazama ncha ya jani moja, kisha la pili, kisha la kumi. Zote zilikuwa na nyuzi nyeupe zilizochanika, kama kamba iliyokatwa kwa jiwe. Zile nyasi hazikuwa zinakatwa. Zilikuwa zinang'olewa vipande.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, muuzaji alituletea mashine zikiwa na kisu cha chini (kile kisichozunguka, ambacho visu vya silinda hukatia dhidi yake) kinene, wakati nilimweleza kwamba tunakata milimita 3. Kisu kinene kwa kimo hicho kinaburuza juu ya nyasi na kuzilaza kabla silinda haijazifikia. La pili ni letu: kila mkato ulipoonekana mbaya, tulikaza silinda zaidi kwenye kisu cha chini. Silinda na kile kisu hufanya kazi kama mkasi. Edwin Budding, Mwingereza aliyepata hataza ya mashine ya kwanza ya aina hii mwaka 1830, aliiga mashine ya kiwandani iliyokuwa ikinyoa manyoya ya kitambaa. Mkasi uliokazwa kupita kiasi hausogei vizuri wala haukati vizuri. Chuma kwa chuma kinapata joto, makali yanaviringika, na kesho yake unakaza tena. Tuliharibu makali ya silinda mbili kwa njia hiyo.

Siku hizi jaribio letu ni la karatasi, na halirukwi. Injini imezimwa, waya wa plagi umechomolewa, glovu ziko mkononi. Unaweka ukanda mwembamba wa karatasi kwenye kisu cha chini, unazungusha silinda taratibu kwa mkono. Karatasi ikatike safi kushoto, katikati na kulia, huku silinda ikigusa kwa wepesi kiasi kwamba unasikia mlio mdogo tu. Ikikata upande mmoja na kukunja upande wa pili, usikimbilie kukaza: tazama beringi kama zimelegea, kisha pima kipenyo cha silinda ncha zote mbili. Moja ya zetu ilishalika upande mmoja ikawa na umbo la koni, na hiyo haina dawa zaidi ya kupelekwa kwenye mashine ya kunolea.

Kusaga makali kwa kuzungusha silinda kinyumenyume na unga wa kunolea kunasaidia kurudisha ukali uliopungua kidogo. Hakunyooshi silinda iliyopinda umbo. Nimeona watu wakisaga wiki nzima wakitarajia muujiza.

Kimo tunakipima kwa kipimo kimoja chenye mshale kama wa saa, kinacholala juu ya rola mbili, na fundi mmoja ndiye anayepima mashine zote tatu. Mwanzoni kila kijana alipima yake. Asubuhi moja grini ya kwanza ilikuwa na michirizi ya vivuli viwili, na mashine zilikuwa zimepishana robo ya milimita tu. Kwenye mkato wa milimita 3, robo inaonekana kwa macho.

Baada ya kumwaga mchanga juu ya grini, tunatumia mashine ya zamani iliyobaki stoo hadi mchanga uzame. Punje chache zikipita kati ya silinda na kisu, kazi ya kunoa ya mwezi mzima imekwenda.

Injini haijanisumbua. Ni Honda GX120, oili ya kwanza tulibadilisha baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100, kichujio cha hewa kinasafishwa kila saa 50. Petroli inajazwa njiani, kamwe si juu ya grini. Kuosha ni kwa maji ya kawaida. Maji ya presha yakielekezwa kwenye beringi yanaingia ndani, na baada ya kuosha tunapiga grisi mpaka itoke safi.

Lalamiko langu kwa mashine yenyewe ni kikapu. Kikijaa majani mabichi, mbele panakuwa pazito na mwendeshaji analazimika kuinua mpini kila anapogeuka. Tunamwaga kabla hakijafika nusu. Magurudumu ya kusafirishia nayo ni magumu kutoa kwa mtu mmoja.

Tuliazima pia ya betri kwa siku kadhaa. Ukimya wake alfajiri ni raha, na mwendeshaji anasikia silinda ikianza kugusa vibaya, sauti ambayo kwenye ya petroli inamezwa na injini. Kwa hilo peke yake ya nne nimeiagiza ya betri. Nimeandika kwenye oda unene wa kisu cha chini na kimo tunachokata, na fundi wetu ataipima mezani kabla haijagusa grini yoyote.