Koti la Ndama kwa Kipupwe cha Nyanda za Juu Kusini: Lipi Ununue, Lipi Uache

Ng'ombe mkubwa anayekula vizuri hana shida kubwa na kipupwe cha Njombe, Makete au Mufindi. Tumbo lake linachachua majani usiku kucha, na uchachu huo unampa joto. Ndama wa siku mbili hana tumbo la namna hiyo bado. Anaishi kwa maziwa na akiba ndogo ya mafuta aliyozaliwa nayo. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, ndama ambaye hajafikisha wiki tatu huanza kuunguza chakula chake ili apate joto tu. Akivuka umri huo anastahimili hadi karibu nyuzi 5. Sasa fikiria usiku wa Julai Makete, sakitu imetanda kwenye majani: maziwa yote unayompa yanaishia kwenye kutetemeka, hanenepi, na mwili ukichoka kichomi kinaingia.

Kwa hiyo koti ni kwa ndama wachanga, mapacha, waliozaliwa dhaifu na wanaougua. Ndama wa aina ya Jersey anahitaji zaidi kuliko wa Friesian, kwa sababu mwili mdogo hupoteza joto upesi. Ndama wa miezi mitatu mwenye manyoya mazito na afya njema, muache. Hela hiyo mnunulie chakula.

Kabla ya koti, nunua matandiko. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona ndama waliovalishwa vizuri wakilala juu ya sakafu ya saruji iliyolowa mkojo, na joto lote linaishia chini. Mabua ya ngano ndiyo bora, maana ndama anajizika humo hadi miguu haionekani, na hewa ya joto inabaki kati ya mabua. Mufindi na Mafinga maranda ya mbao yanapatikana kwa urahisi. Yanafyonza mkojo vizuri lakini hayamfuniki ndama, basi tandika maranda chini na nyasi kavu juu. Kupima ni rahisi: piga magoti juu ya matandiko, hesabu polepole hadi ishirini, kisha tazama suruali yako. Goti likilowa, badilisha matandiko kwanza, koti baadaye.

Sasa koti lenyewe. Kinachotutofautisha na nchi za baridi kali ni kwamba usiku wetu unauma, lakini saa sita mchana jua la Mbeya au Iringa linawaka kweli. Ndama aliyeachwa na koti nene mchana kutwa hutoka jasho, na jasho hilo usiku linakuwa maji ya baridi yaliyoganda mgongoni. Ndiyo maana napanga makoti haya kwa jinsi yanavyokauka na jinsi yanavyovulika. Unene nautazama mwisho.

La kwanza: koti la kushonesha kwa fundi cherehani. Hili ndilo ningekushauri bila kusita. Nje weka kitambaa cha turubai la nguo au kitambaa cha hema la mtumba, ndani blanketi jepesi la manyoya ya poliesta. Kitambaa cha nje kipulize kwa mdomo: pumzi ikipita kwa shida kidogo, ni kizuri, isipopita kabisa, jasho litabaki ndani. Mikanda chukua kwenye mabegi ya shule yaliyochakaa, yenye klipu, kwa sababu asubuhi vidole vimekufa ganzi na fundo la kamba halifunguki. Mpe fundi vipimo vya ndama wako mwenyewe, kuanzia mabegani hadi mwanzo wa mkia. Koti lisifunike mkia, la sivyo kinyesi kitalichafua siku ya kwanza. Kwa ndama dume mkanda wa tumboni ukae mbele karibu na kifua, usipite pale anapokojolea. Mwambie aache mkanda mrefu wa kutosha, kwani ndama anakua na kila wiki utaulegeza; kiganja chako kipite kati ya mkanda na mwili bila kubanwa. Mwombe pia ashone bitana iwe ya kutoka, ili ufue bitana peke yake.

La pili: jaketi la mtumba. Kwa mwenye ndama mmoja au wawili hili linatosha kabisa, na Mwanjelwa au Makambako hutakosa. Tafuta jaketi la mtu mzima lililojazwa poliesta. Soma kitambulisho cha ndani. Lililojazwa manyoya ya bata liache, kwa sababu likilowa linafanya mabonge na linachukua siku nyingi kukauka. Mikono ikate kwenye kiwiko, miguu ya mbele ipite humo, mgongo wa jaketi ukae mgongoni na zipu iwe tumboni, sehemu ya chini ikiachwa wazi. Kata kofia na kamba zake zote. Ndama hutafuna kila kitu, na kamba inaweza kumnyonga. Nunua Aprili au mapema Mei, kabla baridi haijawafanya watu wote wagombanie belo hilo hilo.

La tatu: koti la kiwandani, la kuagiza. Yametengenezwa kwa ustadi, na lebo zake ni zile zile za makoti ya farasi huko Ulaya: uzito wa kijazo kwa gramu kwa kila mita ya mraba, na uimara wa kitambaa kwa denia, yaani kipimo cha unene wa uzi wake. Ukiamua kuagiza, denia 600 inatosha kwa ndama wa bandani, na kijazo cha gramu 150 hadi 200 kinatosha kwetu. Cha 300 ni cha theluji. Nimeliweka la tatu kwa sababu ya gharama ya usafirishaji, na kwa sababu klipu ikivunjika fundi wa hapa anaibadilisha kwa namna yake mwenyewe hata hivyo. Kwa shamba lenye ndama wengi kila mwaka, linarudisha gharama yake.

La nne: blanketi la kufunga na kamba. Ni la dharura ya usiku mmoja. Linateleza, ndama anakanyaga pembe zake, na la pamba likilowa halimpi joto lolote. La sufu lina nafuu, kwani huhifadhi joto kidogo hata likiwa na unyevu. Gunia la katani lililokunjwa mara mbili liko karibu na hapo.

Mfuko wa salfeti au nailoni usimvike ndama. Maji hayaingii, ni kweli, lakini jasho halitoki. Utundike ukutani upande upepo unakotoka, na hapo utakuwa umeutumia vizuri sana.

Wafugaji wa Rungwe mna shida yenu ya pekee: ukungu na manyunyu hayakauki, hivyo mnunue makoti mawili kwa kila ndama, moja likivaliwa, jingine likining'inia juu ya jiko.

Mvike ndama akiwa amekauka kabisa, baada ya kulambwa na mama yake, kusuguliwa kwa nyasi na kunywa dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa mbili za mwanzo. Jioni vika, jua likipanda vua. Ingiza mkono chini ya koti kila asubuhi. Ukitoka na unyevu, koti ni zito mno au limevaliwa muda mrefu mno. Koti moja lisivaliwe na ndama wawili kwa zamu. Kabla ya kumpa mwingine, lifue kwa maji ya moto na sabuni na ulianike juani kutwa nzima, kwa sababu mapunye, chawa na vijidudu vya kuhara huhama na nguo.