Kinasa sauti cha njia sita kwenye filamu ya bendi: uzoefu wangu

Nazungumzia kile kinasa sauti cha mkononi cha njia sita, yaani kinachonasa sauti sita kila moja peke yake, chenye matundu manne ya waya, maikrofoni mbili zilizopishana juu yake, na betri nne za kawaida. Kazi niliyokitumia ni filamu ya muziki ya bajeti ndogo, hadithi ya vijana marafiki wanaoanzisha bendi. Nyota nne kati ya tano.

Kinafaa kwa sababu ya hadithi yenyewe. Sini ya mazoezi ya kwanza, mpiga ngoma akiwakimbia wenzake na mwimbaji akiutafuta ufunguo, ukiibandika sauti ya studio inakufa palepale. Hiyo inase laivu, na makosa yake. Pleibeki (wimbo uliorekodiwa tayari, unaopigwa waigizaji waufuate) iachie sini ya tamasha, ambako kamera inahama kila mara na kila teki, yaani kila mara sini inapopigwa, lazima iende kwa mwendo uleule.

Njia ya 1 naipa maikrofoni ndogo ya mwimbaji, iliyofichwa kwenye nywele juu ya paji la uso. Ukiiweka chini ya kola, kidevu kinaiziba akiinamia gita. Njia ya 2 ni maikrofoni ya fimbo kwa maongezi. Ya 3 inakaa sentimita 5 mbele ya spika ya gita, kando kidogo ya katikati, maana katikati kabisa sauti inakwaruza. Zile mbili za juu zinachukua chumba chote pamoja na ngoma. Njia ya 4, ambayo wengi huiacha tupu, ingiza waya kutoka kwenye simu inayopiga pleibeki. Mhariri akiukuta wimbo safi ndani ya kila teki, analinganisha mawimbi na kazi imekwisha. Bila hivyo anategemea sauti iliyopita hewani. Na hata ukiwa na waya, spika ikiwa mita 14 kutoka kwa mwigizaji, sauti humfikia imechelewa sekunde 0.04. Kwa fremu (picha) 25 kwa sekunde, hiyo ni fremu nzima, na midomo itaonekana imechelewa. Isogeze spika karibu, au mpe mwimbaji kisikizi kidogo cha sikioni.

Mtego mkubwa uko kwenye namba. Kinasa kiweke kwenye sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde. Wimbo ukitoka studio ukiwa na 44,100, kisha programu ikausoma kama 48,000, utakimbia kwa karibu asilimia 9 na kupanda pungufu kidogo ya robo tatu ya toni. Gita zilizotyuniwa vizuri zitasikika mbovu, na mwimbaji ataonewa bure. Ubadilishe kabla ya siku ya kupiga picha. Vilevile kamera ya fremu 23.976 na uhariri wa fremu 24 vikichanganywa, tofauti ni asilimia 0.1 tu, lakini mwisho wa wimbo wa dakika 3 midomo imeachana na sauti kwa fremu nne hivi.

Kiwango cha sauti usikipime kwa majaribio ya upole. Mwambie mpiga ngoma apige kibwagizo cha mwisho kwa nguvu zake zote, kisha kilele kiache desibeli 12 chini ya kikomo, kwa sababu kamera ikiwashwa vijana hupiga kwa nguvu zaidi. Kwenye pleibeki, taulo juu ya ngoma na teipu chini ya matoazi vinaokoa maongezi.

Kama wahusika wanacheza dansi huku wakiongea, zima wimbo na ubakize mdundo wa hertzi 40 kwenye spika kubwa (ya simu haiwezi kuutoa). Wanausikia kifuani, wanabaki kwenye mdundo, na mhariri anakata kila kitu chini ya hertzi 80 bila kuyagusa maneno.

Kasoro zipo. Vidude vya kuzungushia kiwango viko nje, na mkanda wa begi unavisogeza bila mtu kujua. Vibandike teipu na uchore mstari wa kalamu. Maikrofoni ya dainamiki kwenye maongezi ya chini inaleta mvumo. Umeme wa volti 48 kwa maikrofoni za kondensa unakula betri, hivyo washa kwenye njia inayouhitaji tu. Nafasi haisumbui: njia zote sita kwa biti 24 ni kama megabaiti 52 kwa dakika, kadi ya gigabaiti 32 inabeba saa 10 hivi.

Nyota iliyopotea ni ya taimukodi (alama ya saa inayolinganisha kinasa na kamera), ambayo hakina. Kwa wimbo mmoja klapa, kile kibao kinachogongwa mbele ya kamera, inatosha. Kwa tamasha la saa nzima bila kukata, na kamera mbili au tatu, saa zao huachana taratibu. Hapo ukodi kinasa chenye taimukodi.

Kabla ya kukunja waya, nasa sekunde 30 za sauti ya chumba bila mtu kusema neno, bendi nzima ikiwa imesimama mahali pake na amplifaya zikiwa zimewashwa. Ule mngurumo wa amplifaya ukikosekana kati ya sentensi mbili, kila mkato utasikika.