Nilivyotibiwa meno na wanafunzi, mara mbili

Gego langu la chini kulia lilikuwa limetoboka mwaka mzima, nikawa natafuna upande mmoja. Kwa sisi wa jamii za asili tunaokaa mbali na miji, daktari wa meno ni mtu wa kumwendea jino likiwa halina la kufanywa ila kung'olewa. Mama yangu alipoteza yake karibu yote hivyo hivyo. Kwa hiyo niliposikia wanafunzi wa udaktari wa meno wanapiga kambi shuleni, nilikwenda. Jirani akanicheka: "Unakwenda kuwa daftari la mazoezi."

Hakukosea sana. Jino moja lilikula karibu asubuhi nzima, kwa sababu kila hatua binti aliyenihudumia aliinua mkono na kumngoja daktari msimamizi aje achungulie. Msimamizi mmoja, viti vinne. Nawe umeachama, taya linauma, unahesabu mbao za dari. Lakini sijawahi kuona watu wawili wakibishania jino langu kwa heshima namna ile, tena wakinieleza wanabishania nini: msimamizi aliona pembeni bado pana ulaini, binti akarudi kukwangua.

Mashine ya kutoboa haikutumika. Alikwangua uozo kwa vifaa vya mkono, taratibu, bila sindano ya ganzi, nikasikia mkwaruzo tu. Kisha akakoroga unga na majimaji yake mpaka ukawa mzito, akajaza shimo, akapaka vaselini kwenye ncha ya kidole cha glovu na kukandamiza. Kidole kilikuwa kinatetemeka kidogo. Nikajifanya sioni. Akaniambia nisile kwa saa moja. Njia hiyo, alinieleza, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme wala mitambo, na ule mchanganyiko alioujazia, wanaouita saruji ya meno, hutoa kidogo kidogo floridi, madini yanayoimarisha jino.

Kwa mwanangu wa miaka mitano hawakufanya vizuri. Walimpaka dawa yenye madini ya fedha na floridi kwenye meno mawili ya mbele. Dawa yenyewe siilaumu: haina sindano wala kelele, inasimamisha uozo, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Ila sehemu iliyooza hugeuka nyeusi tii, na mswaki hauitakatishi. Hilo walilisema, lakini walimwambia bibi yake aliyempeleka, kwa lugha asiyoijua. Bibi akaitikia kwa kichwa, maana ndivyo anavyowaitikia wageni wote. Kesho yake mtoto akajiona kwenye kioo, ikawa kilio. Kwa kuwa ni meno ya utoto, ningekubali tu kama ningeulizwa. Sikuulizwa. Mkalimani alikuwepo mmoja, mwalimu wa shule, akikimbia kutoka kiti hiki hadi kile.

Mwaka uliofuata wakaja wanafunzi wengine kabisa, na hapa ndipo penye lalamiko langu kubwa. Hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya waliowatangulia. Maswali yale yale, kinywa kile kile kuchunguzwa upya, na kijana mmoja akataka kulifumua gego langu aone chini kuna nini. Nikakataa. Kilichoniokoa ni kikaratasi: yule binti wa kwanza alikuwa ameniandikia kwa mkono tarehe, alichojaza, na namba 46, ambayo ndiyo wanayoliita gego la kwanza la chini kulia. Hakuagizwa na mtu, nadhani. Nilikuwa nimekificha ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto. Msimamizi akakisoma, akakigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akasema, "Basi, hilo liacheni."

Ukienda kambi kama hizi, chukua siku nzima, nenda na mtu wa kukutafsiria anayekujua, na usiinuke kitini kabla hujaandikiwa. Mimi natafuna pande zote mbili sasa.