Kempa ya Kukimbilia Kusini: Uchambuzi Baada ya Misimu Miwili ya Baridi

Assalam aleikum, na karibuni tena watazamaji wangu wapendwa, hasa ninyi mnaoishi huku Minnesota na majimbo ya jirani, ambako mwezi wa Januari mtu hutoka nje akahisi pua inaganda kwa ndani. Wengi mmeniuliza kama kempa, yaani hili gari la kulala na kupikia mnaloliona nyuma yangu, inamfaa kweli mtu anayetaka kuikimbia baridi na kukaa kusini hadi theluji iyeyuke. Mimi na mume wangu tumeitumia kwa misimu miwili, kutoka Minneapolis hadi Quartzsite katika jangwa la Arizona, safari ya takriban kilomita 3,000 kwa njia tuliyopita. Tuliinunua kwa fedha zetu wenyewe ikiwa imekwisha kutumika, na hakuna aliyenilipa ili niseme nitakayoyasema.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kempa ya namna hii haipimwi jangwani, kwa sababu jangwani kila gari huonekana zuri. Hupimwa katika siku mbili za mwanzo, kwa kuwa kusini hakufikiki kwa usiku mmoja, na usiku huo wa kwanza msafiri bado yumo ndani ya baridi ileile anayoikimbia, ila sasa amekwisha kuziacha kuta za nyumba yake.

Gari lenyewe ni Ram ProMaster lenye paa refu, ndugu wa Fiat Ducato ambalo watazamaji wangu wa Ulaya hulikuta kila siku barabarani, na injini yake ni ya petroli, lita 3.6, silinda sita. Urefu wake ni mita 6 hivi, kwa hiyo linaegeshwa bila taabu kubwa, na ndani mume wangu husimama wima. Kampuni iliyoligeuza kuwa nyumba ni nyingine, nayo sitaitaja, maana kasoro nitakazozieleza nimeziona pia katika kempa za watu wengine tuliokutana nao njiani.

Msimu wa kwanza tuliondoka wiki ya kwanza ya Januari, tukaishika barabara kuu namba 35, ile inayoshuka kutoka Duluth hadi Laredo mpakani mwa Mexico, na jioni tukalala kusini ya Des Moines, Iowa, baridi ikiwa nyuzi 17 chini ya sifuri. Hita ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Inatumia gesi ya propani, hupasha hewa na maji kwa pamoja, na moshi wake wote hutolewa nje kwa bomba la pembeni, kwa hiyo tulilala kwenye joto la nyuzi 18 bila kuogopa hewa yenye sumu, ingawa kifaa cha kutahadharisha kaboni monoksidi hatukizimi hata siku moja. Hapa niwaeleze jambo ambalo aliyezoea mtungi wa gesi wa jikoni kule kwetu Afrika Mashariki huenda asilijue. Gesi ile ya nyumbani huchanganywa na butani, ambayo hukataa kugeuka mvuke baridi inapokaribia sifuri, ilhali propani huendelea kutoka hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo ukisafiri majira ya baridi, hakikisha kilichomo tangini ni propani tupu.

Alfajiri nilifungua koki ili nitie udhu. Maji yalitoka, ya moto hasa, nikafurahi; lakini yalijaa kwenye sinki na hayakushuka. Tangi la maji safi lipo ndani, chini ya kitanda, mahali penye joto. Tangi la maji machafu limening'inizwa nje chini ya sakafu, na bomba lake pamoja na valvu vimeachwa wazi vikipigwa na upepo wa barabarani, hivyo kilichokuwa mle kiligeuka barafu tungali tunaendesha. Sikuweza kuilaumu baridi, maana baridi ya Iowa inajulikana na kila mtu. Nilimlaumu aliyechora mpango wa mabomba yale kisha akaliuza gari kama la kutumika majira yote manne.

Tangu siku hiyo tunasafiri mabomba ya maji safi yakiwa hayana maji. Kabla ya kuondoka tunayajaza dawa ya kuzuia kuganda, ile ya rangi ya waridi inayotengenezwa kwa propileni glaikoli, na nawasihi msiichanganye na dawa ya rejeta, ambayo ni sumu. Maji ya kunywa na ya udhu tunayaweka kwenye madumu nyuma ya kiti cha dereva. Tukishapita Oklahoma City, na usiku usipoganda tena, ndipo tunasafisha mabomba na kujaza tangi.

Suala la pili ni betri. Tunayo ya lithiamu ya ampea-saa 200, na betri za aina hii haziruhusiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa sababu lithiamu huganda juu ya elektrodi kama utando wa chuma na kuiharibu betri kwa namna isiyotibika. Namshukuru fundi kwamba yetu aliiweka ndani. Nimeona kempa ya bei kubwa kuliko yetu ambayo betri imefungwa chini ya sakafu bila pedi ya kuipasha, na mwenyewe hakuwa na habari.

Paneli za sola msizitegemee mno katika safari hii. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri Minneapolis halipandi zaidi ya nyuzi 22 juu ya upeo wa macho, na hata Quartzsite hufika 33 tu. Sisi tuliozaliwa Tanga, tuliozoea jua la utosini, hatukumbuki kulihesabu jambo hilo. Paneli iliyolazwa juu ya paa hupata mwanga wa kuparaza. Umeme wetu wa njiani ulitoka kwenye alteneta ya injini.

Unyevu nao ni adui anayekuja kimyakimya. Kilo moja ya propani ikiungua kwenye jiko huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na mvuke huo wote hubaki ndani, ukageuka matone kwenye vioo na nyuma ya makabati. Kila nikipika wali hufungua kidirisha cha juu na kuwasha feni, hata kukiwa na theluji.

Njia nayo ina mtego. Watu huangalia ramani wakadhani kushuka kusini ndiko kupata joto, wakasahau mwinuko. Tulipofuata barabara namba 40 kwenda magharibi tulifika Flagstaff, Arizona, mita 2,100 juu ya bahari, mwinuko sawa na Eldoret lakini mbali sana na ikweta, tukakuta theluji nyingi kuliko tuliyoiacha Kansas. Msimu wa pili tulizunguka kupitia El Paso na barabara namba 10, na sikujuta.

Quartzsite kwenyewe kempa haikunipa la kulalamikia. Mchana nyuzi 20 hivi, usiku 5 au pungufu. Tulikaa La Posa, eneo la ardhi ya serikali lililotengwa kwa wageni wa muda mrefu kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, ambako maji yapo na mahali pa kumwaga taka pia. Mjini kuna kaburi la Haji Ali, mwongoza ngamia aliyeletwa na jeshi la Marekani katika karne ya 19, akafariki mwaka 1902, na juu yake imejengwa piramidi yenye sanamu ya ngamia. Tulimsomea Fatiha.

Kwa anayetaka kununua: usianze kukagua kitanda wala jiko. Lala chini kwenye ubao na tochi mkononi, ulitafute tangi la maji machafu, ufuate bomba lake hadi kwenye valvu, kisha umuulize muuzaji ni nini kinachoipasha. Yetu tuliifunga sufi ya kuhami na pedi ya umeme wa volti 12, kazi ya mchana mmoja. Msimu wa pili tulisimama palepale kusini ya Des Moines, baridi ni ileile, nikaosha vyombo kwa maji ya dumu, nikayamwaga kwenye sinki, yakashuka.